Kulibishania goti kumetugharimu kuliko kulitibu

Mhariri,

Asalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama itakuwa ndefu niwie radhi, mie si mtu wa kuandika andika ila hili jambo limenikaa kooni toka Ramadhani na nikilinyamazia ntapasuka.

Mume wangu ni fundi wa kupiga plasta, mtu wa Wete, na kama mafundi wengi wa Pemba kazi anaifata Unguja mana huko ndo kunakojengwa mahoteli. Mwaka jana akiwa kwenye saiti moja huko ukanda wa mashariki ubao wa jukwaa ulikatika, kaanguka kutoka ghorofa ya pili, kashukia mguu wa kushoto. Ugoko ukavunjika. Na haki ya mtu usiifiche, kontrakta alimpeleka hospitali siku ile ile, katiwa vyuma, bili ikalipwa yote, na mshahara wa miezi miwili wakauleta. Hapo sina neno na mtu, niliwaombea dua.

Tabu imeanza plasta ya mguu ilipofunguliwa. Mfupa umeunga vizuri tu ila goti halikunji. Yani akikaa mguu unabaki umenyooka mbele kama mpini wa jembe, chooni tabu, kusali anasali juu ya kiti, na kazi ya plasta bila ya kuchutama hiyo si kazi tena. Daktari wa mifupa akaandika mambo mawili, kipimo cha MRI cha goti, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya goti, na mazoezi ya viungo mara 24, yale tunayoita fizio. Kituo kimoja tulichouliza bei wakatwambia 20,000 kwa siku moja ya mazoezi. Piga hesabu mwenyewe Mhariri, 20,000 mara 24 ni 480,000. Laki nne na themanini. Iweke kichwani hiyo namba mana ntaijia tena.

Kontrakta kapeleka ile karatasi kwa watu wake wa bima, na bima wakajibu kwa barua nzuri yenye nembo ya rangi kuwa ugoko wanaukubali lakini goti hawalikubali. Goti ati ni la zamani. Tukajiuliza wamelijuaje hilo goti sie tusilijue? Kumbe siku ya kulazwa nesi alimuuliza kama aliwahi kuumia mguu huo kabla, na mume wangu, mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumfaa, kajibu kuwa zamani akicheza mpira wa mtaani aliwahi kuvimba goti wiki moja. Nesi kaandika kama alivoambiwa. Mstari mmoja tu. Mtu alievimba goti miaka kumi na zaidi nyuma, akapanda majukwaa na ndoo za saruji muda wote huo, leo goti lake linaitwa bovu kabla ya kuanguka ghorofani!

Sasa hapa ndo nataka watu wanielewe. Sisemi mwajiri au bima asiulize maswali. Wapo wanaojilegeza, nawajua, kuna mmoja mtaani kwetu alichechemea miezi sita na usiku anaonekana baharini na nyavu. Pesa ya mtu ina uchungu, aulize. Ninalolalamikia ni kuwa yeye akishauliza, gharama yote ya kulijibu swali lake inatua kwetu. Yeye kaandika barua ya ukurasa mmoja, sie ndo tumetoka mbio.

Kwanza tuliambiwa tulete ripoti ya daktari bingwa, si ile karatasi ya mwanzo, ripoti kamili yenye mhuri inayoeleza goti na ajali vinahusianaje. Ripoti hiyo ina bei yake. Alafu bingwa nae akasema siwezi kuandika bila ya MRI, na MRI ndo hiyo hiyo bima waliyokataa kuilipia. Mwaona mchezo? Ili tuthibitishe kuwa tunastahiki kipimo tulitakiwa tuwe tushakifanya kipimo. Tukauza mbuzi wawili.

Alafu njia. Mtu wa mjini Unguja anaposikia "njooni Alkhamis saa tatu" kwake ni kupanda daladala. Kwetu Wete ni kuamka usiku, na mgonjwa goti halikunji hawezi kujibana kwenye gari za abiria, kwaiyo tunakodi gari mpaka Mkoani, kisha boti, na hawezi kwenda peke yake kwaiyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Pale bandarini umpe na mchukuzi kitu amshike mkono kwenye ngazi. Ukifika Unguja unashukia kwa jamaa, na kwa jamaa huendi mikono mitupu, utabeba ndizi, utabeba na samaki mkavu. Siku moja tumefika ofisini saa mbili na nusu, tumekaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, ndo anatoka kijana anatwambia muhusika yuko safari, rudini wiki ijayo. Wiki ijayo! Kama vile tumetoka Darajani, hapo hapo mjini.

Na daktari wa upande wao alikuja mara moja, hilo niliseme. Kaja na ndege, kakodiwa gari, kafika kwetu barazani. Nikamtilia chai ya mdalasini kama heshima inavotaka, nikaingia ndani kutafuta sahani ya visheti. Kutoka, keshasimama anaaga. Alimwambia mume wangu ainue mguu, aushushe, kaandika, basi. Kikombe kilikuwa bado kinatoa moshi. Goti lenyewe hakuligusa hata kwa kidole, na ripoti yake ilipokuja ilikuwa kurasa nne! Mie najiuliza tu, ndege kwenda na kurudi, gari, posho, na kurasa nne za daktari, na wakili alieandika zile barua, hivyo vyote jumla yake ni shilingi ngapi, na vinazidi au havizidi ile 480,000 waliyokataa kuitoa?

Sie hesabu yetu ninayo. Risiti naziweka kwenye kopo la maziwa la bati, na usiku mmoja nimezimwaga kwenye mkeka nikazipanga na mwanangu wa skuli akawa anajumlisha kwenye simu. Safari nne za Unguja, boti peke yake, 480,000. Akarudia tena mara ya pili mana nilidhani kakosea. Laki nne na themanini, namba ile ile ya mazoezi yote 24! Yani pesa tuliyoitupa baharini kwenda kubishana ingemaliza matibabu, na hapo bado hujahesabu MRI 350,000, gari za Wete na Mkoani 320,000, ripoti ya bingwa 100,000, gari za mjini Unguja 60,000, kopi na vocha 45,000. Jumla 1,355,000. Karibu mara tatu ya kile tunachokigombania. Na vitumbua vyangu siku kumi na mbili sikuchoma, hizo sikuziandika mana vitumbua havina risiti.

Na kwenye risiti nako kuna kioja chake. Zile karatasi za boti na za mashine, wino wake unafutika. Ukiiweka miezi mitatu kwenye joto inabaki nyeupe pe. Nimezipeleka kwenye madai nirudishiwe nauli, kijana kanirudishia mbili, ati "mama hii mbona karatasi tupu". Nikamwambia iweke kwenye mwanga utaona. Hakuiweka.

Watu wawili watatu washanambia mbona hospitali za serikali matibabu bure, si mngeenda tu huko mkaacha kusumbuana. Na afisa mmoja wa upande wa mwajiri alitwambia hivo hivo kwa sauti ya huruma kabisa. Ni kweli, baada ya Mapinduzi ya 1964 Zanzibar ilitangaza sera ya matibabu bila malipo na tunaishukuru, wazee wetu wasingefika walikofika bila ya hiyo. Lakini hebu tuulizane, mtu kaumia kwenye jengo la tajiri, jengo litakaloingiza dola, kisha goti lake litibiwe kwa kodi ya muuza mwani? Kila goti linalokataliwa na bima halipotei, linakwenda kwenye foleni ya hospitali ya serikali, na mwisho wa njia SMZ, yani serikali yetu ya Zanzibar, ndo inalipa. Kwaiyo ubishi huu si wa mie na kontrakta tu.

Nilimuomba mtoto wa dada yangu, yeye kasoma sheria kidogo, anifahamishe. Kanambia mambo ya kazi si ya Muungano, Zanzibar tuna sheria yetu. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ni namba 15 ya mwaka 1986, ikafanyiwa marekebisho 2005, mwaka ule ule zilipopitishwa kwa pamoja sheria nyingi za kazi, ile ya ajira, ya mahusiano kazini na ya usalama na afya kazini. Msingi wake ni kuwa alieumia kazini mzigo wake uko kwa mwajiri. Kule Bara wao wana mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ulioanza 2015, waajiri wote wanachangia, siku hizi ni asilimia 0.5 ya mishahara, mfanyakazi hatoi hata thumni, na ukiumia unadaiana na mfuko, si na bosi wako. Nikamuuliza si nasi twende huko WCF basi, kacheka. Haivuki bahari, ni ya Bara tu.

Sasa unapodaiana na bosi mwenyewe kuna kitu chengine ambacho risiti haikionyeshi. Mume wangu anataka kurudi kazini kwa yule yule kontrakta! Ndo anaemjua, ndo mwenye saiti. Kila barua tunayoandika anaitazama kama anaitia moto nyumba atakayokuja kulala. Mara ngapi kanambia "tuache, mke wangu, tusije tukaharibu". Na nina uhakika wapo mafundi kibao walioacha, tena hao wenye vibarua vya kulipwa jioni bila ya mkataba hawaanzi hata, wao wataambiwa kwanza wathibitishe kuwa walikuwa wafanyakazi.

Shemeji yangu mmoja yuko Marekani, jimbo la California, akifanya kazi ghalani akaumia mgongo. Nilimpigia nikidhani atanambia huko mambo ni pepo. Kanieleza kuwa huko mzozo wa matibabu, yani daktari kaandika tiba au kipimo na bima wakakataa ati hakihitajiki, toka 2013 haupelekwi tena kwa hakimu, unapelekwa kwa daktari wa nje asie na upande, anasoma makaratasi na kuamua. Bima wanatakiwa kujibu ndani ya siku tano za kazi wakishapata karatasi zote, wakikataa mfanyakazi ana siku thelathini za kukata rufaa, na hapa nilimwambia arudie, gharama ya huyo daktari analipa mwajiri na bima yake. Mfanyakazi halipi kitu. Wallahi nilikaa chini.

Alafu akanimalizia. Huyo daktari wa nje humuoni wala hakuoni, hata jina lake hulijui, limefichwa kisheria, na mara nyingi, karibu tisa kwa kumi, anawapa haki bima. Yeye mwenyewe alikataliwa. Kwaiyo pepo haipo, ila nalipima hivi: yule shemeji kashindwa na mgongo wake lakini hakuuza mbuzi ili ashindwe. Sie hata tukishinda, tutashinda tukiwa na hasara ya milioni.

Na wala tusiseme sie wenyewe hatuna mfano. Pemba hii hii kila msimu wa karafuu watu wanaanguka mikarafuuni, na ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, inatoa fidia kwa wachumaji walioanguka. Sijasikia mchumaji kaambiwa athibitishe kuwa kiuno chake kilikuwa kizima kabla ya kupanda. Kaanguka, kaumia, watu wa shehia wanajua, anapewa chochote kilichopangwa. Si nyingi, lakini hakuna anaelipa nauli nne kuipata.

Ninachokitaka mie ni kidogo, na naamini waheshimiwa Wawakilishi wakitaka kinaandikika kwenye karatasi moja. Anaebisha alipie ubishi wake. Bima ikisema goti la zamani, sawa, basi bima ilipe MRI, ilipe bingwa asie wao wala wetu, ilipe na nauli ya mgonjwa na anaemshika mkono, kwa pesa mkononi kabla ya safari, si kwa kurejeshewa baada ya miezi na risiti zilizofutika. Wakishinda kweli kweli, mtu kadanganya, wamdai. Na muda ule wa kubishana matibabu yasisimame! Hili ndo linaloniuma kuliko pesa. Daktari wa mazoezi kanambia goti lililoganda likikaa miezi linazidi kuganda, likianzwa mapema mazoezi huenda yakatosha, likichelewa anaweza akahitaji kulazwa tena walikunje akiwa kwenye usingizi wa dawa, na hiyo si bei ya 480,000 tena. Yani bima nae anajiumiza mwenyewe, anaokoa shilingi ya leo ili alipe kumi za kesho, isipokuwa kama anajua kuwa kesho hatutofika. Na mie nahisi anajua.

Na vikao vifanywe Pemba. Mbona daktari wao aliweza kuja na ndege? Basi na maafisa waje, siku moja kwa mwezi, wakae Chake Chake pale katikati, Wete na Mkoani wote tutafika kwa gari tu na usiku kila mtu kwake.

Kuna jengine dogo nataka mafundi walisikie, mana mie nimelijua kwa gharama. Siku ya ajali, kabla mtu hajatiwa ndani, kama kuna mwenzake awe na simu apige picha jukwaa na ule ubao uliokatika, na achukue majina ya waliokuwepo. Sie tulipokwenda kuutafuta ubao tulikuta washaupikia chai. Na nesi akiuliza maradhi ya zamani jibu ukweli, sisemi mtu adanganye hospitali, lakini muombe aandike na kuwa ulikuwa ukifanya kazi miaka yote hiyo bila ya tatizo. Mstari mmoja ndo uliotutia kwenye haya, wa pili ungetutoa.

Mume wangu sasa hivi fizio anafanyiwa nyumbani na jirani yetu aliekuwa akisaidia hospitali zamani, anakuja baada ya alasiri anampaka mafuta ya nazi ya moto na kuukunja mguu taratibu mpaka baba wa watu anatokwa na jasho. Mwezi uliopita ulikuwa unakunja kidogo mno. Jana kaweza kuingiza ngumi chini ya goti akiwa kalala, tukashangilia kama timu imefunga goli.

Tumeitwa tena Unguja, Jumatano. Barua inasema tuje na risiti asili. Nimeshazipiga picha zote kwenye simu moja moja, hata zile nyeupe, na asili safari hii sitoi mkononi mwa mtu mpaka anisainie kuwa kazipokea. Gari ya kwenda Mkoani nishaisemesha, saa kumi usiku.

Mke wa fundi,
Wete, Pemba